Ndivyo Ilivyo, au Umeitia Rangi?

Mama aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho, kisha akaipeleka mbali kidogo, kama wafanyavyo watu ambao miwani yao imeanza kuwasaliti. Ilikuwa picha ya Njia Nyeupe, ya kwanza kwangu kuichapisha kwenye karatasi. Wingu la nyota limesimama wima juu ya mti mkavu. Katikati lina hudhurungi na waridi, kandokando ni buluu iliyokolea. Nilisubiri asifu. Yeye akaniuliza, "Mwanangu, ndivyo ilivyo, au umeitia rangi?"

"Ndivyo ilivyo, Mama," nikasema.

Akaitazama tena. "Nimeishi miaka sabini chini ya anga hili hili. Sijawahi kuiona hivi."

Hakuwa akinishuku. Aliuliza kwa dhati, kama mtu anayeuliza habari za ndugu aliyepotea siku nyingi. Ni mimi niliyejibu upesi mno. Picha ile haikuwa picha moja. Niliacha pazia la kamera wazi sekunde 20, nikafunga, nikarudia mara 15, kisha nikaziunganisha zote kwenye kompyuta, nikaongeza ung'avu, nikapunguza umanjano wa taa za mji uliokuwa mbali upande wa kushoto. Kila hatua niliifanya kwa mkono wangu. Je, hapo nina haki ya kusema ndivyo ilivyo?

Imepita miaka minane. Kila ninapofunga kamera kwenye stendi gizani, swali la Mama huja likasimama kando yangu. Nimelibeba mahali pengi, na limebadilisha si picha zangu tu bali hata ninavyoitazama dunia mchana.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Jicho likiwa wazi huona, hata yale lisiyotakiwa kuyaona. Lakini kwa anayetazama nyota, kukosa pazia ni kukosa subira. Jicho hupokea mwanga na kuuachia papo hapo, mara kadhaa kwa kila sekunde. Halina pa kuuweka akiba. Ni kama mtu anayekinga matone ya paa kwa kiganja, kila tone likimponyoka kabla lingine halijafika. Kamera ni mtungi. Pazia lake likifunguka, tone la kwanza hukaa, la pili hukaa juu yake, na baada ya sekunde 20 mna maji ya kunywa.

Kuna jambo jingine ambalo laiti ningelijua siku ile ningemweleza Mama vizuri zaidi. Ndani ya jicho mna seli za kupokea mwanga za aina mbili. Zile zinazotambua rangi ni kama milioni 6, nazo zinataka mwanga wa kutosha; giza likiingia zinaacha kazi. Hapo hubaki zile nyingine, kama milioni 100, hodari wa mwanga hafifu lakini hazijui rangi kabisa. Ndiyo maana usiku wa giza nguo nyekundu na nguo ya kijani hufanana. Na hizi hodari nazo huamka polepole: huchukua dakika 20 hadi 30 gizani kabla ya kufikia nguvu zake. Mtu akiwasha taa nyeupe ya simu mara moja tu, kazi yote inaanza upya. Kwa sababu hiyo sisi watu wa nyota hutembea na taa nyekundu hafifu, na hukasirika kwa haraka gari likipita na taa kali.

Kwa hiyo Mama alikuwa mkweli, nami sikuwa mwongo. Ule uwaridi ni wa gesi ya haidrojeni inayong'aa, na upo. Umekuwapo kila usiku wa maisha yake, ukimwangukia usoni, ila macho yake hayakuumbwa na namna ya kuupokea. Nilipoelewa hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba dunia ni ile ninayoiona, na kilichobaki ni maelezo tu. Tangu hapo neno "naona" limepungua ukubwa kinywani mwangu. Nikimsikia mtu akisema "pale hakuna kitu," awe anazungumzia anga au mtaa au mtu mwenzake, hutamani kumuuliza ametazama kwa muda gani.

Na kuna ufundi mmoja mdogo ambao naupenda kuliko vifaa vyote nilivyonunua. Sehemu ya katikati kabisa ya jicho, ile tunayoielekeza kwenye kitu tunachotaka kukiona, imejaa zile seli za rangi, ambazo usiku zimelala. Kwa hiyo kitu hafifu ukikikodolea macho moja kwa moja, kinatoweka. Hamisha macho kidogo pembeni, kinarudi. Mara ya kwanza nilipofundishwa hivyo nilidhani ni mzaha. Nimeshawafundisha watoto wengi tangu hapo, na kila mara hufurahi kama waliopewa siri ya nyumba.

Picha iliyonigeuza zaidi, hata hivyo, haikuwa nzuri.

Nilikuwa mwanagenzi. Niliiegemeza kamera kwenye jiwe, nikaielekeza mashariki, nikaacha pazia wazi kwa dakika 40 nikiamini kwamba muda mrefu zaidi ndio utaleta nyota nyingi zaidi. Niliporudi nikakuta mikwaruzo. Kila nyota imevutwa ikawa mstari. Nilihuzunika, nikajua jiwe limeteleza. Kisha nikaona mti uliokuwa ndani ya picha. Matawi yake yalikuwa makali, kila moja limetulia mahali pake. Jiwe halikuteleza. Kamera haikutikisika, na mti haukutikisika, ila sote watatu tulikuwa tumebebwa.

Nilijua tangu shule kwamba dunia hujizungusha. Niliandika hivyo kwenye mitihani nikapewa alama. Lakini ulikuwa ujuzi wa mdomoni, kama mtu ajuaye jina la mji asioufika. Mistari ile ilikuwa na urefu wa nyuzi 10, na hesabu haina siri: dunia hugeuka nyuzi 15 kwa saa, basi dakika 40 ni nyuzi 10. Ilikuwa imeandikwa pale kwa mwanga. Nikalala chali kwenye majani, nikajaribu kuihisi. Mwanzoni hakuna. Kisha nikaacha kufikiria nyota zinapanda, nikafikiria kwamba ni mimi ninayeinama kuelekea kwao, na ghafla mgongo wangu ukajua. Nilishika majani kwa mikono yote miwili.

Kuanzia usiku ule mashariki si upande jua linakotoka. Ni upande tunakoelekea. Asubuhi nikisimama dirishani huwa kama abiria wa mbele anayeona mji unakuja.

Wapiga picha wana hesabu ya haraka ya kuepuka mistari ile: gawa 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita, utapata sekunde unazoweza kuacha pazia wazi. Lenzi ya milimita 24 inakupa kama sekunde 20. Naitumia. Lakini mara moja moja, kwa makusudi, naiacha kamera saa nzima au mbili ipate mistari. Mistari hiyo hutofautiana kwa mahali ulipo. Aliye karibu na ncha ya dunia hupata duara zinazozunguka karibu na utosi wake. Aliye kwenye ikweta huziona nyota zikichomoza wima, na zile zinazopita utosini hukata anga kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo hata usipopiga kitu chochote cha ardhini, picha ya anga inasema umesimama wapi. Hilo halijaacha kunishangaza.

Huwa tunasimuliwa kwamba ukubwa wa ulimwengu uligunduliwa kwa darubini. Darubini peke yake isingetosha, kwa kuwa mwisho wake lilikuwako jicho, na jicho, kama nilivyosema, halina mtungi. Mwanasayansi John William Draper alipata picha nzuri ya Mwezi mwaka 1840. Mwaka 1850 pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ikapigwa picha ya nyota ya kwanza mbali na Jua, nayo ni Vega. Baada ya hapo wanafalaki wakaanza kupiga anga kwenye mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa, wakayapanga makabatini kama vitabu.

Aliyeyasoma mabamba hayo kwa umakini ambao mimi huuonea wivu ni Henrietta Swan Leavitt. Alikuwa miongoni mwa wanawake walioajiriwa Harvard kuhesabu na kupima nyota kwenye picha, kwa ujira mdogo, wakati ambapo kushika darubini yenyewe kulihesabiwa kazi ya wanaume. Usikivu wake ulikuwa umeharibika. Mabamba aliyopewa yalipigwa Arequipa, nchini Peru, kwa sababu mawingu mawili ya nyota aliyokuwa akiyachunguza, yale ya Magellan, yako kusini sana mwa anga na kutoka Harvard hayaonekani. Alikuwa anachukua bamba la usiku mmoja, ambalo nyota zake ni nyeusi, na kulilaza juu ya nakala ya usiku mwingine ambayo nyota zake ni nyeupe. Nyota isiyobadilika, nyeusi na nyeupe hufutana. Iliyobadilika huacha alama. Kwa njia hiyo, nyota baada ya nyota, mwaka 1908 alitangaza 1,777 zinazopunguza na kuongeza mwanga.

Kisha akagundua mpangilio, na mwaka 1912 akauthibitisha kwa nyota 25 za wingu dogo: zile zinazochukua siku nyingi kufifia na kung'aa tena ndizo zenye mwanga mkubwa zaidi. Kwa kuwa zote zimo katika wingu moja, umbali wao kutoka kwetu ni karibu sawa, kwa hiyo ile inayoonekana kung'aa zaidi kweli inang'aa zaidi. Maana yake ni nzito. Ukihesabu siku za nyota ya aina hiyo popote ilipo, unajua nguvu yake halisi. Na ukijua nguvu ya taa, ufifi wake unakuambia iko mbali kiasi gani.

Leavitt alifariki Desemba 1921. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1923, mwanafalaki Edwin Hubble alielekeza darubini ya Mount Wilson, Marekani, yenye kioo cha karibu mita 2.5 kwenye wingu la Andromeda, akapiga bamba kwa dakika 45. Akaweka herufi N kwenye nukta alizodhani ni nyota zilizolipuka. Baadaye, kwa kulinganisha na mabamba ya zamani, akaikata N moja na kuandika pembeni VAR, na alama ya mshangao. Ilikuwa nyota ya aina ile ya Leavitt. Kwa kuhesabu siku zake akapata umbali wa takriban miaka ya nuru 900,000, mwaka wa nuru ukiwa ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja. Leo tunajua ni kama milioni 2.5, lakini hata kile kipimo cha mwanzo kilitosha: wingu lile halikuwa ndani ya Njia Nyeupe. Lilikuwa galaksi nyingine kamili, mji mzima wa nyota kama Njia Nyeupe yenyewe. Watu walilala wakiwa na galaksi moja iliyothibitishwa, wakaamka wamo katika moja kati ya nyingi.

Kinachonivuta hapo ni kwamba hakuna bamba hata moja lililosema kitu likiwa peke yake. Ilibidi mawili yalale kifua kwa kifua. Niliposoma habari hizo nilianza kurudi mahali pale pale kila mwezi wenye anga safi, kamera kwenye jiwe lile lile. Mtu anayenijua vizuri aliniambia napoteza muda. Kisha ikaja Februari 2020. Nikaweka kwenye kioo cha kompyuta picha zangu mbili za kundi la nyota la Orioni, ya mwaka uliotangulia na ya usiku ule. Bega jekundu la Orioni, nyota ya Betelgeuse, lilikuwa limefifia waziwazi. Wanafalaki duniani kote walikuwa wakilizungumza. Ilikuja kueleweka kwamba nyota ilitoa vumbi lililoiziba sehemu yake. Sikugundua jambo jipya. Lakini niliiona nyota ikibadilika kwa kazi ya mikono yangu mwenyewe, na nikajua thamani ya kutofuta picha ya mwaka jana.

Nirudi kwenye swali la Mama, maana kuna picha tatu ambazo karibu kila mtu amewahi kuziona, na nazo zinaulizwa swali hilo hilo.

Ya kwanza ni ya tarehe 24 Desemba 1968. Frank Borman, James Lovell na William Anders walikuwa wakiuzunguka Mwezi ndani ya chombo cha Apollo 8. Sehemu ya kazi yao ilikuwa kupiga picha za Mwezi. Dunia ikajitokeza ukingoni, Anders akapiga moja ya rangi nyeusi na nyeupe, kisha akaomba upesi filamu ya rangi. Dunia ya buluu juu ya ardhi ya kijivu: picha hiyo imebandikwa kwenye kuta na kuchapishwa kwenye vitabu kila mahali, nasi tunaiona ardhi ya Mwezi ikiwa chini na Dunia ikipanda kama jua. Anders hakuiona hivyo. Kwake ukingo wa Mwezi ulikuwa wima, upande wa kulia, na Dunia ikitokeza kando yake. Waliokuja baadaye waliizungusha ili sisi tulio na chini na juu tuielewe.

Ya pili ni ya safari ya Apollo 17 kwenda Mwezini, tarehe 7 Desemba 1972, kutoka umbali wa kama kilomita 29,000. Dunia nzima imeangazwa na jua, Afrika na Bara Arabu mbele, Antaktika imefunikwa weupe. Katika filamu ya asili, kusini iko juu. Nayo ikageuzwa. Nimewahi kuigeuza tena kama ilivyopigwa na kuiacha hivyo kwenye kompyuta yangu kwa mwezi mzima. Siku za mwanzo inachokoza. Baadaye unajiuliza nani alikuambia kaskazini ni juu, na huna jibu isipokuwa ramani.

Ya tatu ndiyo inayonishinda kueleza. Tarehe 14 Februari 1990 chombo cha angani kisicho na watu, Voyager 1, kikiwa umbali wa karibu kilomita bilioni 6, kiligeuzwa kutazama nyuma. Mwanafalaki Carl Sagan alikuwa ameomba hivyo kwa miaka. Dunia ilionekana kama nukta ndogo kuliko punje moja ya picha, ndani ya mwale wa mwanga, kana kwamba imeangaziwa kwa makusudi. Mwale ule si kitu kilichopo angani. Ni mwanga wa Jua uliotawanyika ndani ya kamera yenyewe. Dakika 34 baada ya hapo kamera za chombo zikazimwa, hazikuwashwa tena.

Nilipojua habari ya mwale nilihisi nimeibiwa, kwa kuwa ni mwale ule ulionitoa machozi mara ya kwanza. Nilikaa na hasira siku kadhaa. Kisha nikatambua kwamba nukta ilikuwa bado ipo. Ukiondoa mwale, ukiondoa upande wa juu na wa chini, Dunia imebaki pale pale, ndogo vile vile. Kilichonigusa kilikuwa kweli, ingawa kilinifikia kwa njia niliyoielewa vibaya.

Rangi nazo zina mambo yake. Ile picha mashuhuri ya mwaka 1995 ya nguzo za gesi na vumbi katika Nebula ya Tai, iliyopigwa na darubini ya Hubble iliyoko angani, ilipigwa kwa vichujio vitatu, kila kimoja kikipitisha mwanga wa elementi moja. Sulfuri ikapewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni buluu. Haidrojeni ile kwa asili ingetoa wekundu. Basi ni uongo? Kwa maoni yangu si uongo, kwa sababu aliyeipaka alisema alivyoipaka, na rangi zile zinaonyesha kweli kilipo nini. Ramani hupaka milima hudhurungi na hakuna anayelalamika.

Uongo naujua, kwa sababu niliwahi kuufanya. Nilipiga Mwezi mpevu kwa lenzi ndefu usiku mmoja, na usiku mwingine nikapiga mti kwa lenzi fupi, nikaupachika Mwezi ule nyuma ya matawi, mkubwa kuliko mti wenyewe. Sikusema kitu. Watu waliipenda kuliko picha yoyote niliyowahi kuonyesha. Kisha kijana mmoja akaniuliza ni tarehe gani na saa ngapi angeweza kuona Mwezi kama ule, ampeleke mdogo wake. Nilimwandikia ukweli, nikaomba radhi, nikaiondoa picha. Kosa langu halikuwa kuunganisha. Hata picha ya Mama niliiunganisha. Kosa lilikuwa kwamba kijana yule angekwenda, angesimama, angetazama juu, na anga halisi lingemtia simanzi. Picha yangu ingekuwa imemnyang'anya Mwezi wake.

Hofu hiyo bado ninayo kwa picha zetu zote. Tunazifanya ziwe na rangi kali sana hadi mtu akitoka nje kwa mara ya kwanza anaona amedanganywa. Siku hizi nikionyesha picha nasema muda, idadi, na nilichoongeza. Watu hawapungukiwi na furaha wakijua. Wengine husogea karibu zaidi.

Na wapo wengi ambao hata wakitoka nje hawataona. Mwaka 2016 watafiti walichora ramani ya dunia ya mwanga wa taa angani, wakakuta zaidi ya theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe wanakoishi. Utafiti mwingine, uliokusanya taarifa za watu waliotazama kwa macho yao kati ya 2011 na 2022, ulionyesha anga likizidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Maana yake, mtoto akizaliwa mahali panapoonekana nyota 250, akifika miaka 18 atabaki na kama 100. Yanayoponya yanajulikana: taa ielekezwe chini, ifunikwe juu, ipunguzwe ukali, izimwe isipohitajika. Sielewi kwa nini tunalipia umeme ili kuangaza tumbo la mawingu.

Mwezi uliopita nilimchukua Mama. Alikuwa ameomba mwenyewe. Tulikwenda mbali na taa, nikamwekea kiti, nikamfunga blanketi miguuni, nikamwambia hatutafanya lolote kwa nusu saa. Akacheka kidogo, akakubali. Tulizungumza habari za watu wa nyumbani. Nyota zikaongezeka moja moja bila sisi kuziita.

Nilikuwa nimeiweka kamera kwenye mashine ndogo inayoizungusha taratibu kufuata nyota, nimeielekeza Andromeda. Picha ya kwanza ilipokamilika nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera, nimekipunguza mwanga. Duara la mviringo, katikati njano laini, pembeni samawati. Nikamwambia mwanga ule uliondoka kule miaka milioni 2.5 iliyopita. Hakushangaa nilivyotarajia. Aliuliza tu, "Na yenyewe iko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Nikamwambia asiikodolee, atazame kidogo kando. Akasema haoni. Nikamwambia asubiri. Tukasubiri muda mrefu, nikaanza kujilaumu kwamba macho ya miaka sabini na minane nimeyaomba kitu yasichoweza.

"Kuna kitu kama pamba," akasema. "Kidogo sana. Nikikiangalia kinaondoka."

"Ndicho, Mama."

"Hakina rangi."

"Hapana. Hakina."

Akanyamaza. Kioo cha kamera kikawaka chenyewe, picha ya pili imekamilika, nzuri kuliko ya kwanza. Mama akaweka kiganja mbele ya uso wake kuuzuia mwanga.

"Zima hicho," akasema, "nisije nikakipoteza."

Nikakizima.